MICHEZO YA HESABU KWA WATOTO WANAOANZA DARASA LA KWANZA: MFANO WA ARUSHA NA VIJIJI VYA MLIMA MERU

(Mazungumzo kwa walimu wa Darasa la Kwanza, wazazi na walezi)



Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Januari, watoto wa Tanzania Bara huanza Darasa la Kwanza. Wengine hufika wameshikwa mkono na mama zao, wengine hufuatana na kaka na dada. Wamo waliopitia darasa la awali, wanaojua kukaa, kusikiliza na kuitikia. Wamo pia ambao hawajapata kusimama mbele ya mwalimu hata siku moja. Wote huwekwa katika chumba kimoja, na mara nyingi somo la mwanzo kuwatia hofu ni Hesabu.

Mazungumzo haya yanahusu wiki mbili za mwanzo za watoto hao. Yanaeleza jinsi michezo ya kukimbia, kuruka, kurusha na kushika inavyoweza kumwingiza mtoto katika Hesabu kabla hofu haijamwingia. Mfano umechukuliwa kutoka Jiji la Arusha na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ni kweli kwamba elimu ya msingi si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na Bara ina yake. Hata hivyo mtoto wa Makunduchi au Micheweni anayeanza skuli hana tofauti na mwenzake wa Tengeru anayeanza shule. Linalomfaa huyu laweza kumfaa yule.

KWA NINI ARUSHA

Arusha inafaa kuwa mfano kwa sababu lugha tatu hukutana katika darasa moja. Mjini, katika mitaa kama Kaloleni, Levolosi na Unga Limited, watoto wengi hukua wakisema Kiswahili. Upande wa mashariki wa mlima, kuelekea Akeri, Nkoaranga na Poli, wapo wanaosema Kimeru nyumbani, lugha ya Kibantu iliyo jamaa ya Kichagga. Upande wa magharibi, kuelekea Ngaramtoni, wapo wanaosema Kiarusha, ambacho ni tawi la Kimaasai. Mtoto anayejua kuwa mbuzi wa nyumbani kwao ni kumi, na ambaye kumi hiyo huiita "tomon", aweza kuonekana hajui kitu siku mwalimu anapomwuliza kwa Kiswahili.

Sababu ya pili ni ya historia. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Moja ya hoja za waraka huo ni kwamba shule isimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Hesabu inayoanzia kwenye mbuzi, maharage, mafungu ya nyanya na michezo ya uwanjani inakwenda sawa na hoja hiyo.

Sababu ya tatu ni wingi wa watoto. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964. Upande wa Bara, ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo ikaondolewa. Watoto ambao wangebaki nyumbani wakaingia darasani, nalo ni jambo la heri. Lakini mwalimu aliyezoea watoto arubaini alijikuta na watoto wengi zaidi. Katika darasa la namna hiyo mtoto aliyenyamaza haonekani. Akinyamaza wiki ya kwanza bila kugunduliwa, ukimya huo huwa desturi yake, na yaweza kupita miaka kabla mtu hajatambua kwamba hakupata kuelewa tangu mwanzo.

KUTAJA NAMBA SIKO KUHESABU

Wazazi wengi hufurahi wakimsikia mtoto akitaja namba tangu moja hadi ishirini bila kusita. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza misingi ambayo mtoto huhitaji ili aweze kuhesabu kwa kweli. Kila kitu kipewe namba moja tu. Namba zifuatane kwa mpango usiobadilika. Namba ya mwisho iwe ndiyo idadi ya vitu vyote. Na mtu akianzia kulia au kushoto, idadi isibadilike.

Mtoto aliyekariri hukosea katika misingi hiyo bila mwenyewe kujua. Huweza kutaja "sita, saba" huku kidole chake kikiwa bado juu ya kijiwe kile kile. Akimaliza kuhesabu na kuulizwa ni vingapi, huanza kuhesabu upya, kwa kuwa hajajua kwamba jibu alikwisha kulitamka. Makosa haya hayasikiki darasa zima linapoitikia kwa sauti moja. Huonekana pale tu mtoto anaposhika kitu, anaporuka au anapomhesabu mwenzake.

Watu wa mwambao wanalijua jambo hili kutoka chuoni. Watoto husoma pamoja kwa sauti, lakini kila mmoja huitwa peke yake mbele ya mwalimu akasikilizwa darasa lake, na mwalimu hujua kila mtoto amefika wapi. Mchezo mzuri wa Hesabu nao sharti utoe nafasi hiyo: wote wacheze, na kila mmoja aonekane.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili kinambadilishia mtoto namba kufuatana na kitu kinachohesabiwa: watoto watatu, vijiwe vitatu, maharage matatu, kalamu tatu. Lakini sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki: watoto sita, vijiwe sita. Namba sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, na ndiyo maana haziingii katika mpango wa zile za Kibantu. Hali kadhalika, "kumi na moja" inajieleza yenyewe, lakini "ishirini" haimwambii mtoto kwamba ni makumi mawili. Mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao anajifunza mambo mawili kwa pamoja. Mwalimu anayelijua hilo hatamcheka mtoto anaposema "watoto tatu". Atamrudishia usemi ulio sahihi na kuendelea na mchezo.

MICHEZO MITANO YA WIKI MBILI ZA MWANZO

Michezo ifuatayo haihitaji fedha. Vifaa vyake ni mpira wa matambara, vizibo vya soda, maharage, magunzi, vijiwe, debe kuukuu na uwanja. Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha, uwanja wa shule nyingi za Arusha huwa mkavu na wenye vumbi. Yafaa kunyunyiza maji kabla ya kuanza, na kuondoa mawe na vigae mahali pa kukimbilia. Kila mchezo usizidi dakika ishirini.

Mchezo wa kwanza ni duara la majina. Watoto kumi husimama katika duara. Anayeshika mpira hutaja jina lake na namba inayofuata, kisha humrushia mwenzake ambaye hajashika. Mpira ukimaliza mzunguko, mwalimu huuliza: "Tuko wangapi?" Kisha mchezo huanzishwa upande mwingine wa duara, na swali huulizwa tena. Wengi watashangaa kuona kwamba idadi ni ile ile. Ikiwa darasa lina watoto themanini, ni duara nane. Mwalimu atatembelea duara mbili au tatu kila siku na kuandika alichokiona. Watoto wa madarasa ya juu waweza kusimamia zile nyingine.

Mchezo wa pili ni wa mafungu. Mtu akifika soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, atawakuta akina mama wamepanga nyanya, vitunguu na parachichi kwa mafungu. Watoto wengi wa Meru wamekaa kando ya mama zao wakiyaona mafungu hayo, na jicho lao limekwisha kuzoea kutambua fungu lililopungua. Katika mchezo huu watoto hukimbia uwanjani, mwalimu hupiga debe na kuita: "Mafungu ya watatu!" Watoto hushikana watatu watatu. Safari nyingine huita wanne, au watano. Mara nyingi hubaki mtoto mmoja au wawili.

Hapo ndipo penye uzito wa mchezo. Katika michezo mingi ya mitaani aliyebaki hutolewa nje. Hapa asitolewe, kwa sababu mtoto asiyejua kuhesabu ndiye atakayebaki mara nyingi, na akitolewa atakaa chini akiwatazama wanaojua wakizidi kujua. Waliobaki waitwe mbele kwa heshima na darasa liulizwe: "Wamebaki wangapi? Wanahitaji wangapi zaidi ili wawe fungu?" Kisha wao ndio wapige debe na kuita namba inayofuata. Kwa njia hiyo mtoto aliyebaki huwa kiongozi, na darasa zima limegusa kujumlisha, kutoa na kugawanya bila kutajiwa majina hayo.

Mchezo wa tatu ni njia ya namba. Mwalimu huchora ardhini vyumba kumi na kimoja vilivyonyooka, vilivyo sawa kwa ukubwa, na kuviandika sifuri hadi kumi. Mtoto hurusha vizibo vitatu vya soda. Kila kimoja kinachoangukia mgongo humpa hatua moja. Huruka hatua zake huku akitaja namba ya kila chumba anachokanyaga. Aliye chumba cha nne na kupata hatua mbili aseme "tano, sita", asianze tena na "moja, mbili". Akifika chumba cha kumi, hugeuka na kurudi kinyumenyume akihesabu kushuka.

Mchezo wa namna hii umepata kuchunguzwa. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walitoa matokeo ya utafiti waliofanya Marekani kwa watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo. Watoto hao walicheza mchezo wa ubao wenye namba moja hadi kumi mara nne tu, kila mara dakika 15 hadi 20, katika muda wa wiki mbili. Ujuzi wao wa namba uliongezeka, na walipopimwa tena baada ya wiki tisa walikuwa bado nao. Wenzao waliocheza ubao wa rangi usio na namba hawakupata faida hiyo. Fundisho lake ni kwamba furaha peke yake haitoshi. Sharti namba iwe ndani ya mchezo wenyewe.

Mchezo wa nne ni wa vidole. Kuhesabu kwa vidole si ujinga wala si uvivu. Ni elimu ya zamani katika nchi hizi, na mwaka 1958 P. H. Gulliver, mtaalamu aliyefanya utafiti miongoni mwa Waarusha, aliandika juu ya kuhesabu kwa vidole katika makabila mawili ya Afrika Mashariki. Wasambaa wa Mkoa wa Tanga nao wana njia yenye mafunzo makubwa: sita huonyeshwa kwa vidole vitatu vya kila mkono, saba kwa vinne na vitatu, na nane kwa vinne na vinne. Mtoto anayeonyesha nane kwa namna hiyo ameshika mkononi habari ya kwamba nne na nne ni nane.

Namna ya kucheza ni hii. Mwalimu hutaja namba, na watoto huinua vidole. Kisha husema: "Nani ana njia nyingine?" Mmoja ataonyesha saba kwa tano na mbili, mwingine kwa nne na tatu. Zote zikubaliwe na zisemwe kwa sauti. Hapa pia ndipo mahali pa kumpa nafasi mtoto wa Kiarusha na wa Kimeru ataje namba kwa lugha ya nyumbani, wenzake waitikie, kisha wote waseme kwa Kiswahili. Siku mtoto anapoona darasa zima linajifunza "nabo" na "tomon" kutoka kwake, hatanyamaza tena kwa urahisi.

Mchezo wa tano ni wa shimo na vijiwe. Watoto wa mwambao wana mdako, na wazee wana bao lenye mashimo 32 na kete 64. Wamaasai wana enkeshui, wenye safu mbili za mashimo. Katika bao na enkeshui mkono hugawa kete moja moja, na jicho hupima kilichobaki. Kwa Darasa la Kwanza inatosha kuwa na shimo moja na vijiwe kumi kwa watoto wawili. Mmoja hugeuka, mwenzake hutoa vijiwe kadhaa na kuvificha kiganjani. Aliyegeuka huhesabu vilivyobaki shimoni na kutaja vilivyofichwa. Kiganja hufunguliwa, nao hukubaliana kwa kuhesabu. Akikosa, hakuna haja ya mwalimu kumsahihisha, kwa kuwa vijiwe vyenyewe vimekwisha kumwonyesha.

WAJIBU WA MWALIMU WAKATI WA MCHEZO

Mwalimu hana mapumziko watoto wanapocheza. Ndio wakati wake wa kutazama. Inafaa awe na daftari lenye jina la kila mtoto, na ajibu maswali manne: Je, mtoto anakipa kila kitu namba moja? Je, anajua kwamba namba ya mwisho ni idadi ya vyote? Je, anaweza kuendelea kuhesabu kutoka namba aliyopo? Je, anathubutu kusema? Swali la nne lisidharauliwe, kwani mtoto asiyethubutu hawezi kupimwa katika hayo matatu.

Ni muhimu pia fimbo na kejeli vikae mbali na uwanja huu. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kukosea hesabu hujifunza kuficha kosa, na mwalimu hupoteza njia ya kulijua.

Aidha, watoto wenye ulemavu wasiachwe kando. Arusha ina bahati ya kuwa na Chuo cha Ualimu Patandi, huko Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Lakini hata mwalimu asiyepitia chuo hicho aweza kuinua kitambaa chekundu pamoja na kupiga debe, ili mtoto asiyesikia aone. Aweza kutumia vijiwe vikubwa kwa mtoto mwenye uoni hafifu, na kumpa mtoto asiyeweza kuruka kazi ya kurusha vizibo huku mwenzake akimrukia.

Wapo watakaosema kwamba wiki mbili za michezo ni wiki mbili zilizopotea, na kwamba mtaala haumsubiri mtu. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2015 uliweka mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu ilidhihirika kwamba watoto walikuwa wakivuka madarasa bila stadi hizo. Mwalimu anayeanza kuandika ubaoni siku ya kwanza bila kujua nani anahesabu na nani anaitikia tu, atalazimika kurudi nyuma baadaye, wakati mtoto amekwisha kuichukia Hesabu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Wala jambo hili si geni Visiwani. Mpango wa skuli za maandalizi za Madrasa, uliofika Zanzibar mwaka 1990, ulitumia vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vilivyopatikana mitaani. Katika miaka ya 2000 vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze viliwafundisha watoto wadogo wa Zanzibar kwa michezo na nyimbo. Walimu waliopitia mipango hiyo bado wapo, na wanaweza kuulizwa.

WAZAZI NA WALEZI WANAKUMBUSHWA

Mtoto asikatazwe kutumia vidole vyake. Ataviacha mwenyewe atakapokuwa havihitaji.

Mtoto apewe kazi zenye hesabu nyumbani: kupanga sahani kwa idadi ya walaji, kuhesabu mayai, kuhakikisha mbuzi wote wamerudi, kutenga mafungu ya kupeleka sokoni.

Mtoto aulizwe "umejuaje?" kabla ya kuambiwa amepata au amekosa.

Mtoto anayerudi nyumbani na vumbi magotini katika wiki za mwanzo asigombezwe. Aulizwe leo wamecheza nini, na aombwe awafundishe wadogo zake.

Na mzazi mwenye shaka juu ya maendeleo ya mwanawe asisubiri mwisho wa muhula. Aende kumwona mwalimu mapema, amwulize mtoto amefika wapi. Mwalimu aliyetumia wiki mbili hizo ipasavyo atakuwa na jibu katika daftari lake.